Nani Amwamini Mgonjwa Aliyeridhika?

Korea Kusini ina madaktari wa aina mbili, na serikali inawatambua wote. Wa kwanza ni huyu wa hospitali tunayemjua. Wa pili ni hanuisa, tabibu wa tiba ya jadi ya Kikorea, anayesota chuoni miaka sita, akafanya mtihani wa taifa na kupewa leseni yake. Utaratibu huo wa leseni mbili umekuwapo tangu sheria ya 1951, na kitabu kikuu cha fani hiyo, Dongui Bogam cha Heo Jun, kilichapishwa 1613. Kwa hiyo hapa hatumzungumzii mganga wa uchochoroni.

Ugomvi uko kwenye ajali za barabarani. Tangu 1999 bima ya magari hulipia tiba ya jadi. Aliyegongwa akaumia shingo huchagua mwenyewe aende kwa nani, na bili hupelekwa kwa kampuni ya bima ya upande wa pili. Mwaka 2021 malipo ya bima ya magari kwa tiba ya jadi yalifika kama won trilioni 1.3, yakayapita ya hospitali za kawaida kwa mara ya kwanza. Matabibu wakiulizwa siri ni nini, hujibu kwa neno moja: wagonjwa wanaridhika. Kampuni za bima nazo huuliza nani asingeridhika na kitu cha bure.

Nimewaketisha pamoja watu wanne. Ni wa kubuni na maneno yao nimeyatunga mimi, ila hoja zao ndizo zinazorushwa huko kila siku.

MGONJWA: Nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, gari la nyuma likanivaa. Siku ile sikusikia kitu, nikawaambia polisi niko salama. Kesho yake asubuhi nashindwa kugeuza shingo kutazama kioo cha pembeni. Nikaenda hospitali ya mifupa. Nikapigwa eksirei, nikapewa dakika tatu za daktari: "Mfupa hauna tatizo." Dawa za maumivu, dawa za kulegeza misuli, kola ya shingo, rudi baada ya wiki. Nilitoka pale kama mtu aliyepeleka barua ya kuomba kazi akaambiwa nafasi zimejaa.

Nikaenda kliniki ya tiba ya jadi karibu na ofisi. Wao hufungua hata jioni. Nikalazwa kwenye kitanda chenye joto, wakavuta pazia. Tabibu akanibonyeza shingo polepole, toka kisogoni kushuka, mpaka alipofika mahali nikaruka. Akasema, "Ni hapa." Basi, hilo tu, nikataka kulia. Baadaye zikaja sindano, taa ya joto, kisha vikombe vya kuumika mgongoni, vikaniachia miduara ya zambarau wiki nzima. Mwisho akanishika kichwa kwa mikono miwili akaivuta shingo na kuigeuza, ile wanayoiita chuna. Nikaondoka na kisanduku cha dawa ya kuchemsha, ya kahawia, chungu hasa. Kila dozi imefungwa kwenye mfuko wake wa plastiki, unauweka kwenye maji moto kabla ya kunywa. Mnaniuliza kama niliridhika?

AFISA WA BIMA: Pole sana, dada. Swali langu ni dogo tu. Ulilipa won ngapi?

MGONJWA: Sikulipa. Mwenye kosa ni aliyenigonga.

AFISA WA BIMA: Umejibu vizuri. Sasa turudi kwa hivyo ulivyovitaja: sindano, taa, vikombe, chuna, dawa ya kuchemsha. Umesahau sindano za kudunga dawa za mitishamba chini ya ngozi. Kwenye bili yako zimo. Vyote siku moja, kwa shingo ambayo eksirei haikuonyesha kitu. Mgonjwa wa mgongo anayetumia bima ya afya ya taifa hafanyiwi hivyo, maana kule kuna sehemu anayochangia mwenyewe, na mwenye kuchangia huuliza: hiki cha nne ni cha nini? Kwenye bima ya magari hakuna wa kuuliza. Mgonjwa halipi, tabibu analipwa kwa kila alichofanya. Halafu tunashangaa watu kuridhika!

TABIBU: Afisa, unasema kana kwamba mgonjwa ni mtoto aliyeachwa dukani. Yule dada angeweza kwenda hospitali ya mifupa bure vilevile. Eksirei bure, dawa bure, fiziotherapia bure. Huko alikwenda, akaondoka. Kama ubure ndio unaoleta kuridhika, mbona wao hawakumridhisha?

Hapo nilimtazama afisa, na kwa muda hakuwa na la kusema. Hoja hii ya tabibu husahaulika sana. Bei ni sawa pande zote mbili, sifuri kwa sifuri, na bado watu wanahama. Kwa hiyo ubure unaeleza kwa nini watu wanatibiwa sana. Hauelezi kwa nini wanatibiwa huku na si kule.

DAKTARI WA MIFUPA: Acheni nijibu mimi, maana dakika tatu zinazosemwa ni zangu. Zilikuwa na kazi. Nilitafuta mfupa uliovunjika, mkono unaokufa ganzi, mshipa wa fahamu uliobanwa. Sikuvikuta. Shingo iliyorushwa mbele na nyuma bila kuvunjika kwa kawaida hupona yenyewe kwa wiki kadhaa, na ushauri bora tulio nao ni mtu aendelee kuitumia, asiogope, ameze kidonge akihitaji. Nani atakuja kuniambia ameridhika na ushauri huo? Tabibu mwenzangu anampokea wiki ya pili, anamchoma sindano wiki ya tatu, wiki ya sita shingo imepona kama ambavyo ingepona. Sifa zote zake.

Tena kuridhika kwenyewe tusikufanye kipimo kitakatifu. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa Marekani uliofuatilia watu wazima zaidi ya 50,000. Walioridhika zaidi na madaktari wao ndio waliolazwa zaidi, ndio waliotumia pesa nyingi zaidi za dawa, na ndio waliokufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata.

TABIBU: Kwa hiyo nimwudhi mgonjwa ili aishi?

DAKTARI WA MIFUPA: Umwambie "hapana" inapobidi. Mgonjwa anayesikia "ndiyo" kila siku ataridhika tu.

TABIBU: Basi na tuzungumze kwa majaribio, si kwa hisia. Hiyo chuna mnayoidhihaki, bima ya afya ya taifa ilianza kuilipia Aprili 2019. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 108 wenye maumivu sugu ya shingo, waliogawanywa kwa kura: nusu chuna, nusu dawa na fiziotherapia za kawaida. Wa chuna walipata nafuu kubwa zaidi. Hao hawakuulizwa kama chumba kilikuwa kizuri. Walipimwa maumivu na jinsi shingo inavyofanya kazi.

DAKTARI WA MIFUPA: Nimeyasoma. Kila mgonjwa alijua yuko kundi gani, kwa sababu huwezi kumgeuza mtu shingo bila yeye kujua. Na walikuwa na maumivu sugu, si watu waliogongwa juzi.

TABIBU: Na wewe hiyo fiziotherapia yako unampa mgonjwa bila yeye kujua?

Walicheka wote, hata afisa. Mimi naona daktari ana haki kuhusu jaribio lile, lakini udhaifu anaoutaja unapunguza nguvu ya tiba zote za mikono, zake zikiwamo. Kuna jaribio jingine ambalo hakuna kati yao aliyelitaja, labda kwa sababu linawachoma wote wawili. Lilifanyika Marekani, likachapishwa 2008, kwa wagonjwa 262 wenye tatizo sugu la utumbo. Kundi moja liliwekwa tu kwenye orodha ya kusubiri. La pili lilipata sindano za uongo, ambazo haziingii kwenye ngozi, kutoka kwa mtaalamu asiyezungumza nao. La tatu lilipata sindano zilezile za uongo, ila mtaalamu alikaa nao, akawasikiliza, akawaonyesha kwamba anawajali. Baada ya wiki tatu waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28 katika kundi la kwanza, 44 katika la pili, na 62 katika la tatu. Sindano haikufanya kitu, maana haikuwapo. Kusikilizwa kulifanya kazi kubwa, na hospitali inaweza kuutoa usikivu huo bila mitishamba yoyote, ikitaka. Kile "ni hapa" cha yule tabibu hakina hati miliki.

AFISA WA BIMA: Mimi nitawapeleka mbali zaidi. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliokwenda Lithuania, nchi ambayo wakati huo watu wachache walikuwa na bima ya namna hii na wengi hawakuwa hata na habari kwamba shingo iliyogongwa inaweza kuuma miaka. Wakawatafuta madereva 202 waliogongwa kwa nyuma mwaka mmoja hadi mitatu kabla. Hawakuwa na maumivu sugu zaidi ya majirani zao ambao hawakugongwa. Halafu jimbo la Saskatchewan, Canada. Januari 1995 waliondoa fidia ya maumivu na mateso. Madai ya shingo yalikuwa 417 kwa kila watu 100,000 katika nusu mwaka. Yakashuka hadi 302, na muda wa kufunga faili ukapungua kwa zaidi ya nusu. Shingo za watu hazikubadilika Januari ile. Kilichobadilika ni pesa.

TABIBU: Lithuania, wengi wa hao 202 hawakuumia hata siku ya ajali. Utampataje mwenye maumivu sugu kwa mtu ambaye hakuumia?

DAKTARI WA MIFUPA: Lakini Saskatchewan hujaigusa. Na kuna utafiti wa pili wa kulekule, wa 2005: waliopewa tiba nyingi mapema, ziara juu ya ziara, walichelewa kupona kuliko waliopewa kidogo. Hilo linanitia hofu kuliko pesa. Tukimlaza mtu wiki mbili kwa shingo iliyokakamaa tunamfundisha kwamba ni mgonjwa mahututi.

MGONJWA: Samahani, daktari. Mnazungumza kama vile mimi nilikaa pale kwa kupenda kuchomwa. Nani aliyenifundisha kukaa? Siku ya nne afisa wa bima alinipigia simu, si huyu hapa, mwingine. Akaniambia nikikubali kufunga faili leo atanipa kiasi fulani, "gharama za matibabu ya baadaye". Nikamwambia shingo bado inauma. Wiki mbili baadaye akapiga tena, na kiasi kimepanda. Kazini kila mtu akaniambia: usisaini mapema, kaa kwenye matibabu, wakichoka watapandisha. Mimi sikwenda kujifunza hayo kwa tabibu.

Hapa ndipo pesa zinapozungumza kwa sauti yao wenyewe. Majeraha ya ajali huko yamepangwa madaraja 14, la 1 likiwa zito kuliko yote. Shingo na mgongo vilivyoteguka huangukia la 12, na michubuko la 14. Bima ya lazima ina ukomo wa won milioni 1.2 kwa daraja la 12 na won 500,000 kwa la 14, ila kwa miaka mingi kilichozidi hapo kililipwa bila maswali, hata kama mgonjwa mwenyewe ndiye aliyebeba kosa kubwa zaidi la ajali. Dereva mwenye asilimia 90 ya kosa alitibiwa kwa pesa za kampuni ya yule mwenye asilimia 10. Kila wiki ya matibabu inaongeza gharama, hivyo kampuni hupendelea kumpa mgonjwa pesa taslimu aondoke. Mgonjwa naye akishajua hilo, kila sindano ina thamani mbili: ya shingoni na ya mezani kwenye mapatano. Wakorea wana jina la dhihaka kwa wanaolala wodini bila ugonjwa, "wagonjwa wa nailoni". Magazeti hulirusha kwa wagonjwa kila siku, lakini sijaona jina la dhihaka kwa anayepandisha dau kwa simu.

AFISA WA BIMA: Nakubali tulifanya hivyo. Tulifanya kwa sababu faili lililo wazi ni ghali kuliko lililofungwa. Hakuna sheria iliyotutaka tumlipe mwenye jeraha dogo matibabu ya baadaye, ikawa desturi. Ndiyo maana Februari 2025 Wizara ya Ardhi, Miundombinu na Uchukuzi ilitangaza mpango wa kuyabakiza malipo hayo kwa waliojeruhiwa vibaya tu, daraja la 1 hadi la 11.

TABIBU: Haya. Kwa hiyo shimo mlichimba nyinyi, ila kwa miaka yote hiyo aliyetukanwa ni mimi. Mwaka 2023 wizara hiyohiyo ilitaka kupunguza dawa ya kuchemsha, kutoka ya siku 10 kwa kuandikiwa mara moja mpaka ya siku 5, na kiongozi wa chama chetu akagoma kula. Tukaonekana tunalilia pesa.

DAKTARI WA MIFUPA: Hata hivyo, tabibu mwenzangu, hebu tuelezane. Dawa hiyo, siku kumi, kila mwenye shingo, ina ushahidi gani?

TABIBU: Ina historia ndefu.

DAKTARI WA MIFUPA: Nimeuliza ushahidi.

Tabibu alizungumza hapo kwa kirefu, juu ya damu iliyoganda na kusimama baada ya pigo, juu ya fomula ambazo zimeandikwa kwa karne nyingi. Sitayaandika yote. Kwa chuna alikuwa amejibu kwa jaribio. Kwa dawa alijibu kwa ukoo wa kitabu. Kwa masikio yangu tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka isikike. Dawa ile inachukua sehemu nene ya bili, na haihitaji mikono ya tabibu wala muda wake baada ya kuandikwa.

Daktari naye ana la kujibu ambalo hakuulizwa, basi nikamwuliza mimi: kama hofu yake ni mfupa uliovunjika usionekane, mbona chama chake kimepigana miaka na miaka kuwazuia matabibu wasitumie vifaa vya picha?

DAKTARI WA MIFUPA: Kwa sababu kifaa hakisomi chenyewe. Desemba 2022 Mahakama ya Juu ilisema kwamba tabibu wa jadi kutumia mashine ya mawimbi ya sauti si kosa la jinai. Kesi yenyewe ilikuwa ya mwanamke aliyepigwa picha hiyo mara 68 na tabibu wa jadi kati ya 2010 na 2012, na saratani ya mfuko wa uzazi haikuonekana. Mara 68! Nina hakika katika nyingi ya hizo alitoka ameridhika.

TABIBU: Na hospitali zenu hazijawahi kupitwa na saratani?

MGONJWA: Mnaona? Mimi nimetoka kwenye mazungumzo.

Ni kweli, alikuwa ametoka. Ndilo tatizo la kuridhika kama kipimo: kinatumiwa na kila mtu isipokuwa mgonjwa mwenyewe. Matabibu wanakibeba kama cheti, bima wanakitupa kama kilio cha mla bure, na fomu ya kupimia kuridhika humwuliza mgonjwa jambo moja la jumla, umeridhika kiasi gani, kuanzia moja mpaka tano. Haimwulizi ni kipi kati ya vile vitu sita kilichomsaidia. Haimwulizi alirudi kazini lini, wala kama alilala usiku bila kidonge. Wala haimwulizi swali ambalo kwetu Dar es Salaam au Mombasa mgonjwa hujiuliza mwenyewe kila anapokwenda kwa mkandaji baada ya kuangushwa na bodaboda, kwa sababu anatoa pesa mfukoni: hiki kinafaa nikirudie?

AFISA WA BIMA: Ndiyo maana tunataka nyaraka. Tangu Januari 2023, mwenye jeraha dogo akipita wiki nne analeta cheti cha daktari. Na kilichozidi ukomo wa bima ya lazima anakibeba kwa kadiri ya kosa lake, kwa bima yake au mfuko wake.

DAKTARI WA MIFUPA: Cheti anakiandika nani?

AFISA WA BIMA: Kliniki inayomtibu.

DAKTARI WA MIFUPA: Basi mmempa fisi bucha. Kila baada ya wiki mbili cheti kipya.

AFISA WA BIMA: Ndiyo sababu mpango uleule wa Februari 2025 umeweka wiki nane. Akitaka kuendelea baada ya hapo, alete kumbukumbu zake za matibabu, kampuni izipitie.

TABIBU: Kampuni! Anayelipa ndiye atakayeamua kama shingo inauma? Ukinikataza mimi nisiandike cheti kwa sababu nafaidika, basi na wewe huwezi kukisoma kwa sababu unafaidika. Wekeni watu wa tatu.

Hapo nilikuwa upande wa tabibu bila kusita. Tangu Julai 2013 bili za bima ya magari hupitiwa na taasisi ya umma, ileile inayokagua bili za bima ya afya ya taifa. Kama inaaminika kukagua sindano baada ya kuchomwa, sioni kwa nini isiamue pia nani aendelee kuchomwa wiki ya tisa. Kampuni ya bima ikipewa kalamu hiyo, mwenye maumivu ya kweli na mgonjwa wa nailoni watapokea barua ya aina moja.

Nikamgeukia mgonjwa. Nikamwambia asahau bima, asahau kosa ni la nani. Akipewa bei ya kila kitu, alipe kutoka mshahara wake, angechukua nini?

MGONJWA: Kukandwa shingo, mara moja kwa wiki. Chuna kama ilivyo, sindano kidogo. Vikombe ningeacha, vinanipendeza tu. Taa ya joto ninayo nyumbani.

TABIBU: Na dawa?

MGONJWA: Tabibu, usinichukie. Mifuko ya mwezi uliopita bado iko kwenye friji, zaidi ya nusu. Sikuwaambia kwa sababu hakuna aliyeniuliza.